Mlango Mfupi

Kanisa letu, chini ya Pirenei, lina milango miwili.
Mkubwa unatazama mto na jua la asubuhi.
Wa pili uko ubavuni, kaskazini, penye kuvu,
mfupi kiasi kwamba hata mtoto wa miaka tisa
huinama kana kwamba amekosa.
Huo ndio wetu.

Usiniulize tulikosa nini.
Babu hakujua, na babu yake hakujua.
Wengine walisema tuna ukoma usioonekana,
wengine kwamba masikio yetu hayana ndewe,
nami usiku kitandani niliyashika yangu,
ndewe moja, ndewe ya pili,
nikikusanya ushahidi ambao hakuna aliyeuomba.

Kifuani tulishona mguu wa bata, kitambaa chekundu.
Kisima, chetu peke yetu. Makaburi, yetu.
Kutembea pekupeku kijijini, marufuku,
wasije wakakanyaga tulipokanyaga.
Lakini mbao, Bwana, mbao walituachia.
Ugonjwa, walisema, haupiti kwenye mti.
Basi baba yangu, Peyroton, akawachongea
vitanda vya kuzalia, majeneza ya kuzikia,
paa la kanisa boriti kwa boriti,
na yule Kristo wa msalabani, wa mti wa mjozi,
ambaye walipombusu miguu
hawakukumbuka ni vidole vya nani vilivyoilainisha.

Na fimbo.
Fimbo pia aliichonga yeye:
dhiraa tatu, ncha imepasuliwa kama mdomo wa ndege.
Kwa hiyo tulifikishiwa mkate wa uzima,
kutoka mbali, kama mtu anayemlisha dubu.
Baba alifumba macho, akatoa ulimi.
Mimi niliitazama ncha ikitetemeka
na sala yangu yote ilikuwa: usianguke, usianguke.

Ukaanguka.

Jumapili ya theluji, wiki moja baada ya Epifania.
Padre Garsie alikuwa mzee, mikono ikimcheza.
Hostia ilidondoka kwenye tope
tulilolileta sisi wenyewe kwa viatu vyetu.
Hata Bi Condesse, aliyekohoa tangu Noeli,
aliacha kukohoa.

Padre akailaza fimbo sakafuni.
Akashuka ngazi ya kwanza, akapumzika, ya pili.
Akapiga magoti (yalilia kama bawaba kavu)
akaiokota, akaila yeye, pamoja na tope lake.
Kisha akachukua nyingine kwa vidole viwili,
akasema, Mwili wa Kristo, Peyroton,
akaiweka penyewe, ulimini.

Peyroton. Akataja na jina.
Baba alikuwa na miaka hamsini na miwili
na hakuna mkono wa nje ya nyumba yetu
uliowahi kumgusa mdomo.
Alibaki amefumba macho muda mrefu,
hata nikadhani amekufa, tena amekufa vizuri.

Misa ilipokwisha padre alitoka kwa mlango wetu,
akajigonga paji la uso,
akasema neno ambalo mapadre hawalisemi.

Usidhani kijiji kiligeuka.
Familia sita zilihamia parokia ya bonde la pili.
Bi Condesse aliisugua sakafu kwa siki.
Askofu aliandika barua, padre akawashia nayo moto,
na mlango upo hadi leo, na kuvu lake.
Ila usiku ule sikuyashika masikio yangu.

Fimbo akampa baba: umeichonga wewe, ichukue.
Mama akaisimika bustanini.
Haikuchanua, usitazamie hayo;
ilikuwa mti mkavu, ikabaki mti mkavu.
Lakini maharagwe yaliiparamia mpaka juu,
na mwezi wa saba tukachuma bakuli mbili,
moja ikawa ya padre.

Hakungoja tumpelekee.
Alikuja akala papo hapo kizingitini petu,
kwa kijiko cha mama, kile alicholia yeye,
akasema yamepungua chumvi.